Visanduku vya Odeta

Kiwanda chetu cha nyuzi za nyavu kilikuwa hapa hapa Mwanza, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna uzi uliotoka bila hesabu ya Odeta Malimi wa Mabatini. Mimi, Shigela, nilikuwa mwendesha mashine tu. Yeye ndiye aliyeniambia nisukume plastiki kwa kasi gani.

Wakubwa walidhani anabahatisha. Plastiki iliyoyeyuka si maji. Inavutika kama mlenda. Ukiibana kwenye tundu la mashine linalotoa uzi, linalozidi kuwa jembamba, inagoma, ikitoka inavimba, na ukizidisha kasi uzi unaota magamba. Odeta alilichora tundu hilo kwenye daftari lake, akaligawa visanduku vidogo, akatafuta kwa kikokotoo plastiki inakwendaje na inavutikaje katika kila kimoja. Ukibadilisha kisanduku kimoja, jirani zake nao wanabadilika, basi anaanza upya mpaka namba zitulie. Tundu moja lilimla wiki sita.

Mwaka 1995 kiwanda kikauzwa. Mwekezaji akamleta Venant, injinia kijana, pamoja na kompyuta, akatangaza bila haya kwamba atakayebaki ni mmoja: kompyuta au Odeta. Namba za kompyuta zikatoka mbovu. Nyuzi zilijaa magamba, zikakatikia mikononi. Nilifurahi sana, sifichi.

"Shikamoo mama," Venant akamjia Odeta. "Nimekwama."

"Marahaba. Hiyo kompyuta yako inadhani tunasukuma maji. Hujaiambia kwamba plastiki inavutika."

Nikamvuta pembeni. "Dada, unajipalia makaa! Mwache azame."

"Shigela, nyuzi hizi watu wanaingia nazo ziwani," akanijibu. "Namba mbovu siziwezi."

Akakaa na Venant siku nne, akampa madaftari yake yote, wakalinganisha kisanduku kwa kisanduku. Siku ya nne namba zikalingana. Kompyuta ilikuwa imetumia saa tatu. Odeta akapiga makofi kwa furaha, mjinga yule, na mpaka leo nikikumbuka makofi yale roho inaniuma.

Ijumaa akapewa barua ya kupunguzwa kazi. Waliosema shukrani ya punda ni mateke walimwonea punda.

Hakulia wala hakubishana. Aliomba madaftari yake tu. Bosi akasema ni mali ya kampuni. Venant akainamia kompyuta yake kama hakusikia. Odeta akanigeukia mimi, niseme alivyoyaandika kwa mkono wake, miaka yote ile, mbele ya macho yangu.

Nilikuwa na watoto watano. Nikarudi kwenye mashine.