Kichwa cha Treni Kwenye Nyasi za Matanga

Siku tuliyoanua matanga ya mama, kaka yangu alikataa uji. Mchana akakataa ndizi. Alasiri nilipompelekea maji akageuza uso ukutani, na hapo nikajua mambo yameharibika. Mimi nilikuwa nimeshafunga mizigo ya kurudi Bukoba.

Kaka amenitangulia kuzaliwa, lakini tangu utotoni mimi ndiye ninayeambiwa nimwangalie. Haongei sana. Zipo siku hutoa neno moja au mawili, zipo siku hatoi kabisa. Hapendi kuguswa, hapendi makelele, na hapendi kitu kihamishwe kutoka mahali alipokizoea. Ameishi na mama miaka yote katika nyumba yetu ya Muleba, katikati ya kibanja cha migomba na mibuni, na mama peke yake ndiye aliyejua namna ya kuishi naye. Sasa mama alikuwa amelala nyuma ya nyumba, chini ya udongo mbichi, na familia ilikuwa imekubaliana kwamba kaka aje kwangu Buhembe, pale Bukoba mjini. Gari lilikuwa limeagizwa lije kesho yake.

Nilimkuta sebuleni, amekaa chini mbele ya reli zake za kuchezea. Wakati wa msiba nilizifungua mwenyewe na kuzisukumia chini ya kitanda, ili zitandazwe nyasi za kulalia waombolezaji. Nyasi zilipotolewa tu, kaka alizivuta akaziunganisha upya, duara kamili, plastiki ya buluu iliyopauka. Mabehewa yote mawili yalikuwepo. Kichwa cha treni hakikuwepo.

Nikamuuliza kiko wapi. Akanionyesha sakafu tupu, iliyofagiwa.

Treni hiyo iliingia nyumbani kabla mimi sijaanza shule. Baba alifanya kazi bandarini Kemondo, enzi zile meli ilipokuwa ikivuka ziwa na mabehewa halisi kutoka Mwanza. Kipande cha reli kilianzia gatini kikaishia palepale karibu, na kwa watoto wa huku kwetu hiyo ndiyo iliyokuwa reli yote ya dunia. Baba alimpeleka kaka mara moja kuona behewa likitolewa tumboni mwa meli, na tangu siku hiyo kaka hakuwa na habari nyingine. Mjapani mmoja aliyekuwa akija kukagua mashine alisikia habari za mtoto huyo. Safari iliyofuata akaja na boksi. Alimwambia baba kwamba na yeye alikulia kwenye treni kama hiyo, ila ya kwake ilikuwa ya kusukuma kwa mkono juu ya meza ya chakula, kwa sababu betri zilikuja kuwekwa baadaye. Baba alipenda kutusimulia hilo. Mimi nilikuwa nasikia kwa sikio moja, maana boksi halikuletwa kwa ajili yangu, na wivu ninao hadi leo.

Mama ndiye aliyeifanya treni iwe ya nyumba nzima. Kila jioni, tukishamaliza kula, alikaa kwenye mkeka wake karibu na mlango wa jikoni, kaka akakaa upande wa pili wa duara. Kaka aliweka punje ya kahawa kwenye behewa la nyuma, lile lisilo na paa kwa kuwa mimi niliwahi kulikalia. Ni ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya kunukia ikakaushwa, ambayo mgeni hupewa kabla hajaulizwa lililomleta. Treni ilikwenda ikinguruma hadi kwa mama. Mama alisema, "Nyegera waitu," yaani karibu, akaitafuna ile punje taratibu, kisha akaweka nyingine na kuirudisha kwa kaka. Baada ya hapo kaka alikwenda kulala bila kusumbua. Betri ikichoka ilianikwa juu ya bati siku nzima ikapata nguvu za jioni moja zaidi. Na mimi kahawa hiyo sijawahi kuipenda. Ni chungu, inanasa kwenye meno, na nilimtania mama miaka yote kwamba anadonoa punje kama kuku.

Sasa nieleze kwa nini kukosekana kwa kichwa cha plastiki kulinitia hofu kiasi kile. Kaka alipokuwa kijana aliugua homa kali, akawa hataki kutoka chumbani. Wanaume walimfunga kwa kamba ya migomba mikononi na miguuni wakambeba kama mkungu kumpeleka kwenye matibabu. Homa iliisha. Alama za kamba anazo mpaka leo kwenye vifundo vya mikono yote miwili, na kwa muda mrefu baada ya siku ile hakutoa neno hata kwa mama. Mama alipokuwa kitandani na pumzi zikimwishia, hakuniambia habari za shamba wala za nyumba. Aliniambia hivi: "Asifungwe kamba tena. Niahidi." Nikamwahidi.

Na sasa hapa kaka hali, hanywi, hainuki, na gari linakuja.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia tangu baba afariki, alikuja kusimama mlangoni akamtazama. Si mtu mbaya. Ana magoti mabovu na mke mgonjwa, na alijua kwamba mimi nikiondoka bila kaka, mzigo utakuwa wake. Alinivuta nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kesho akikataa kuingia, tutambeba. Vijana wapo." Nikamuuliza watambeba vipi. Alitazama upande wa zizi, ambako kijana wa jirani alikuwa ameketi akisokota nyuzi za mgomba kuwa kamba.

Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yetu, mama wa kwaya, aliyesimamia usafi siku ya kuanua matanga. Nilikuwa na hasira na sikuificha. Nilimuuliza nyasi za sebuleni zilipelekwa wapi. Alinishangaa. Nyasi za msiba zinapelekwa wapi kwingine? Huku kwetu hakuna unyasi unaotupwa. Kila kilichofagiwa ndani kinakwenda kwenye shina la mgomba kuwa matandazo, na wao walikuwa wamezitandaza kibanja kizima, kutoka nyuma ya jiko hadi mpakani, juu ya matandazo ya zamani. Usiku wote wa msiba kaka alilala katikati ya waombolezaji akiwa amekumbatia kichwa cha treni. Bila shaka kilimtoka usingizini kikazama kwenye nyasi, na akina mama wakakikusanya pamoja nazo.

Nilimwambia alipaswa kuangalia. Naye akanijibu, "Mwenzangu, mimi nilifagia msiba. Sikujua nafagia treni."

Nilirudi kibanjani nikapiga magoti.

Anayejua kibanja cha Kihaya ataelewa kazi hiyo. Matandazo yanafika hadi kifundo cha mguu, makavu juu, yameoza chini, na kila shina lina lundo lake. Huwezi kutumia jembe, kwa sababu jembe lingekivunja. Nilipekua kwa vidole, shina hadi shina, nikishika minyoo, maganda, na vijiti vyenye umbo la kila kitu isipokuwa treni. Mvua ikaanza kunyesha, ile ya kwetu isiyoomba ruhusa. Nilimlaani Mjapani wa watu, nikamlaani baba kwa kupokea boksi, na kwa kweli nilimlaani mama kwa kufa na kuniachia ahadi nisiyoiweza. Giza lilipoanza kuingia nilikuwa sijafika hata nusu.

Nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, nimelowa, nilishika simu nikatafuta treni za namna ile. Nilidhani nitakuta zimeshasahaulika. Kumbe bado zinatengenezwa. Nikasoma yale yale ambayo baba alikuwa akisimulia: reli za buluu zilizobuniwa ziweze kuchezewa mezani na kufunguliwa baada ya mchezo, treni za kwanza zilizosukumwa kwa mkono, kisha mota ndogo na betri, kisha kila aina ya treni iliyopita Japani ikapata mdogo wake wa plastiki. Wakasema hata reli za mwanzo kabisa bado zinaungana na za leo, kwa sababu vipimo havikubadilishwa. Hilo lilinigusa. Watu wa mbali huko wamekaa na duara lilelile muda wote huu, kama kaka. Lakini kichwa kipya kingechukua wiki nyingi kufika Bukoba, na mtu asiyekunywa maji hana wiki nyingi.

Alfajiri nilisikia sauti za wanawake nje. Jirani yangu alikuwa amekuja na wenzake wawili wa kwaya, wamejifunga vitenge, wameshaanza kupekua kutoka mpakani kuja juu. Hakunisalimia, nami sikumshukuru. Tulifanya kazi, wao kule, mimi huku, na jua likapanda. Tulikuwa tumebakiza mashina machache karibu na kaburi la mama wakati jirani aliponyanyua mkono. Kilikuwa pale, kimejaa udongo, na mfuniko wa betri umetoka.

Nilikiosha, nikakifuta kwa kanga, nikakianika juu ya bati pamoja na betri mpya niliyonunua dukani barabarani, ingawa betri mpya haihitaji jua. Mikono yangu haikujua la kufanya zaidi. Gari lilifika kabla hakijakauka vizuri. Nilisikia dereva akizima injini, nikamsikia baba mdogo akiwaita vijana.

Niliingia sebuleni nikapiga magoti mbele ya kaka. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi imepasuka. Alikiona kichwa cha treni mkononi mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alinitazama usoni. Nikaweka betri. Nikabonyeza swichi.

Kimya.

Nikabonyeza tena, nikakitingisha, nikakigonga kwenye goti kama redio. Mota ilikuwa imekufa. Nyuma yangu mlango uliingia giza kwa miili ya watu: baba mdogo, dereva, na wale vijana wawili, mmoja akiwa ameshika kamba aliyoikunja vizuri mkononi. Kaka aliiona kamba. Akaanza kupumua kwa haraka na kusugua vifundo vya mikono yake, palepale penye alama. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku mama alipokata roho, na ninasema kweli.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Labda ni yale niliyosoma. Nilikiweka kichwa kile juu ya reli, nikafunga mabehewa, nikaanza kuisukuma treni kwa kidole. Niliisukuma vibaya, nikaitoa njiani kwenye kona ya kwanza, nikairudisha. Kaka alinitazama kama mtu anayemtazama mpishi akiunguza chakula. Kisha akanyoosha mkono, akaondoa wangu, akaichukua.

Akaigeuza. Kumbe niliielekeza kinyume.

Kutoka mfukoni mwa shati alitoa punje ya kahawa, akaiweka kwenye behewa lisilo na paa. Akaanza kusukuma, polepole, akinguruma kwa koo ile ile ngurumo ya mota, hadi treni ikafika mbele ya mkeka wa mama. Hapo akaacha. Akasubiri. Mkeka ulikuwa mtupu, na hakuna aliyekuwa ameukalia tangu mama alipoondoka. Alisubiri sana. Kijana mwenye kamba alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, na baba mdogo akafungua mdomo kutaka kusema neno.

Nilitambaa nikakaa kwenye mkeka. Sikujua kama kaka angenipokea au angepiga kelele ya kwamba nimechukua pasipo pangu. Lile neno la mama sasa lilikuwa langu kulisema.

Kaka ndiye aliyelisema. "Nyegera waitu," akaniambia, kama mwenye nyumba.

Nilichukua punje nikaitafuna. Ilikuwa chungu vilevile, ikanasa kwenye meno vilevile, na nililia huku natafuna mbele za watu wote wale. Kisha nikachomoa punje nyingine kutoka kwenye kikopo cha kahawa cha mama kando ya mkeka, nikaiweka kwenye behewa. Kaka akairudisha treni upande wake, akatafuna. Jirani, ambaye sikumwona akiingia, alimsogezea kikombe cha maji. Akayanywa yote.

Baadaye alianza kufungua reli mwenyewe, kipande baada ya kipande, akizipanga kwenye kikapu ambacho mama alivunia kahawa. Hakuna aliyemwambia. Alipomaliza alishika kichwa cha treni mkononi, akasimama, akatoka nje akaingia kwenye gari na kukaa kiti cha mbele.

Nilibeba kikapu hadi nyuma ya gari. Kijana alikuwa bado amesimama na kamba yake, akamuuliza baba mdogo aifanyie nini.

"Funga kikapu," baba mdogo akasema. "Reli zisije zikamwagika njiani."