Maji ya Jikoni

Pakiti zilikuwa za rangi ya fedha, nyepesi kama maganda ya mayai, na ukizitikisa zilitoa mlio wa changarawe kavu. Ziliachwa Kyela na wageni wawili Wazungu waliokuwa wamepiga kambi ufukweni. Siku walipokuwa wakienda bandari ya Itungi kupanda meli ya kusini walitaka kupunguza mizigo, wakazibadilisha na vitenge dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalikuwa yamejaa tena, na tulishazoea kununua kwanza na kuuliza matumizi baadaye.

Mfanyabiashara huyo, ambaye babu zake walitoka pwani, alikuwa jirani yangu wa kazi. Mimi nilikuwa natengeneza baiskeli kwenye baraza ya duka lake. Shule niliiacha mapema, lakini nilikuwa na kamusi ya Kiingereza na tabia ya kusoma kitu chochote chenye herufi, kuanzia magazeti yaliyofungiwa nyama hadi maandishi ya kwenye magunia ya mbolea. Kwa sababu hiyo aliniita mwalimu, na hakuwa ananisifu.

"Mwalimu, njoo unisomee hii. Naona picha ya mlima na hema. Ni dawa ya mbu?"

Nilinawa grisi, nikaleta kamusi, nikakaa. Nilisoma polepole, neno kwa neno, kama ninavyofanya hadi leo, huku yeye akihudumia wateja na kunitupia jicho.

"Ni chakula," nilisema hatimaye. "Wali na kuku. Umepikwa, ukagandishwa kwa baridi kali, halafu ile barafu ikaondolewa bila kuwa maji."

"Barafu inaondokaje bila kuwa maji?"

"Inageuka mvuke moja kwa moja."

Alifikiri kidogo. "Kama sukari ya foleni enzi zile. Asubuhi imo ghalani, mchana haimo, na hakuna aliyeiona ikipita mlangoni."

Nilimweleza kwamba chakula cha namna hiyo kinakaa miaka bila kuoza, kwamba wenzetu hukibeba milimani au hukiweka ndani kungojea maafa, na kwamba anayetaka kula humimina maji ya moto humo humo ndani ya pakiti, hufunga, hungoja kidogo, kisha hula. Alisikiliza yote kwa makini.

"Na huyo kuku, nani kamchinja?"

Niligeuza pakiti pande zote. "Haikuandikwa."

"Basi ni kuku wako. Zichukue zote, ndugu yangu Mkristo, uniongezee pumzi kwenye baiskeli yangu mpaka nife."

Ndivyo nilivyorudi Makwale na katoni ya chakula kilichokauka, nikiwa na hakika kwamba nimepata suluhisho la jambo lililokuwa likitusumbua nyumbani kila masika.

Jambo hilo lilikuwa baba yangu. Aliishi peke yake Bujonde, kwenye mashamba ya mpunga, mahali ambapo mto ukivimba hauombi ruhusa. Nyumba yake ilikuwa na kichanja kirefu cha mianzi, na kila mafuriko yalipokuja alipanda huko na jiko lake la mkaa, birika, blanketi na kuku wake, akangoja. Sisi tulikaa sehemu iliyoinuka. Mke wangu alikuwa ameniagiza nijenge chumba cha nyuma chenye mlango wake, kinachotazama migomba, ili mzee ahamie humo wakati wa mvua. Nilikijenga. Mzee alikikagua, akakisifu, akarudi Bujonde.

Sababu yake ilikuwa adabu. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, haongei naye, na akimwona njiani huingia vichakani mpaka apite. Vijana wa mjini walishaanza kulegeza, lakini mke wangu alilelewa na bibi yake, na bibi yake hakulegeza kitu. Baba alisema, "Nikihamia kwenu, mwanangu, mwenye nyumba atakuwa mfungwa. Atashindwa hata kutoka kuanika vyombo. Afadhali mimi nifungwe na maji."

Adabu hiyo ilifika mpaka kwenye maneno. Mkwe halitaji jina la baba mkwe, wala neno lolote linalofanana nalo. Wanawake hutafuta maneno mengine, na usemi huo wa wake tunauita ingamwana. Sasa jina la baba yangu, ambalo sitaliandika, linakaribiana mno na neno moto, na moto ni moto, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili. Kwa hiyo tangu siku ya harusi mke wangu hakuwahi kulitamka, kwa lugha yoyote. Mahali pake aliweka jikoni. Uji ulikuwa wa jikoni. Mtoto akipata homa, mwili wake ulikuwa na jikoni. Tulizoea hata hatukusikia tena. Binti yetu alipoulizwa shuleni kinyume cha baridi, alijibu jikoni, akashangaa darasa zima likicheka.

Jioni ile niliweka katoni mezani, nikaeleza habari ya barafu na mvuke. Mke wangu alishika pakiti moja, akaipima mkononi.

"Hiki ndicho watakula watu wawili?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Watu wawili wa wapi?"

Tulijaribu moja. Nilimimina maji yanayochemka, nikafunga, tukakaa kuizunguka kama watu wanaongojea matokeo ya mtihani. Ilipofunguliwa, harufu ya kuku ilikuwepo, ya mbali, kama kuku wa jirani. Mke wangu alionja kijiko kimoja. Kumbuka kwamba tunatoka mahali ambapo mchele wetu unanukia mpaka barabarani, na watu wa miji mingine hutumia jina lake kudanganya wateja wao.

"Wali huu umekufa na kufufuka," alisema. "Lakini haujasahau kaburi."

Hata hivyo alikubali kwamba kwa mtu aliyeko kichanjani, bila pa kupepetea wala kupikia chungu kikubwa, ulifaa. "Mpelekee mzee. Lakini usije ukadhani tumemaliza. Chumba bado kiko wazi."

Nilipanga kwenda mwenyewe na kumwonyesha baba namna ya kufanya. Kwanza nilihitaji spoku na tyubu, nikapanda Tukuyu kuzinunua. Mvua ilinikuta huko. Ilinyesha bila kupumua, barabara ikakatika, nikakaa kwa shemeji yangu nikisoma kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Yaliyotokea nyuma yangu niliyapata baadaye kwa wahusika wenyewe. Mto ulijaa. Mke wangu alijua mzee hana akiba ya kutosha, akamtafuta mtu wa mtumbwi. Alipatikana mvuvi mmoja wa ufukweni, wa kabila la Wakisi, aliyezoea kutuletea usipa, dagaa wa ziwani, mtu mwaminifu, asiyejua Kinyakyusa cha kutosha, sembuse ingamwana. Mke wangu alimpa pakiti na kumweleza kwa Kiswahili.

"Mwambie mzee achane hapa juu, amimine maji ya jikoni, afunge, angoje, ndipo ale."

"Maji ya jikoni," alirudia yule mvuvi.

"Ya jikoni. Yasiwe mengine, chakula hakitalainika."

Akaenda, akafikisha maneno yote kama alivyoyapokea, bila kupunguza wala kuongeza. Ujumbe huku kwetu haurekebishwi njiani.

Njia ilipofunguka nilirudi, na yule Mkisi akanivusha Bujonde. Maji yalikuwa yameanza kushuka, lakini uwanja bado ulikuwa ziwa. Baba alikuwa juu ya kichanja, amejifunga blanketi. Jiko lilikuwa linawaka kando yake na birika lilikuwa linaimba.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu. Nilimwitikia, nikamuuliza hali. Alisema ni nzuri, isipokuwa magoti.

"Na chakula kilifika?"

"Kilifika. Nimekimaliza. Wazungu wana meno."

"Kilikuwa kigumu, baba?"

"Sikusema kigumu. Chakula cha kupewa hakina kasoro. Nimesema wana meno."

Nilitazama birika. Nikatazama pakiti tupu, alizozikunja vizuri na kuzipanga. "Ulingoja baada ya kumimina maji?"

"Nilingoja mpaka nikasinzia."

"Maji ya moto?"

"Ya jikoni," alisema, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mtoto. "Mama watoto aliagiza ya jikoni, na kwamba mengine hayafai. Mimi sipuuzi neno la mkwe."

Jiko lake la kupikia, lile la siku za kawaida, lilikuwa kibanda peke yake, ng'ambo ya uwanja. Kilikuwa kimesimama ndani ya maji, paa likiwa juu kama kofia. Humo, juu ya rafu, aliweka mtungi wake wa maji ya kunywa.

"Ulifikaje kule?"

"Kwa miguu."

"Maji yalikufika wapi?"

Aliweka mkono juu ya kiuno, kisha alipoona uso wangu akaushusha hadi pajani. "Mara ya pili yalikuwa yamepungua," alisema.

Yule Mkisi alikuwa ameshikilia mtumbwi kwenye nguzo ya kichanja. "Mimi nilisema nilivyoambiwa," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Ndipo nilipoelewa, na nilichelewa kuliko ilivyomstahili mtu mwenye kamusi. Neno lile lilitungwa kwa ajili ya mzee. Watoto wangu walilijua, majirani walilijua, darasa zima la binti yangu lilikuwa limelicheka. Mtu pekee ambaye hakuwahi kulisikia alikuwa yeye, kwa sababu mkwe wake hakuwahi kufungua mdomo mbele yake. Alikuwa amekaa na birika linalochemka ubavuni, akaliacha, akashuka kwenye maji ya mafuriko kufuata maji baridi.

Nilimweleza. Haikuwa rahisi, maana ilinibidi nianzie kwenye jina lake. Alisikiliza akitazama kibanda.

"Kwa hiyo," alisema, "nimevuka mto kwa sababu ya jina langu mwenyewe."

"Ndiyo, baba."

"Angeniita tu." Akaanza kucheka taratibu, kuku wakatawanyika mianzini. Lakini nilipomwambia apande mtumbwi twende Makwale, aliacha kucheka. "Hapana. Umeona mwenyewe alivyo na adabu. Mtu wa namna hiyo nikamfungie nyumba yake?"

Nilirudi peke yangu. Nilimsimulia mke wangu nikitegemea naye atacheka. Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda na mwiko mkononi.

"Angesombwa," alisema. "Angesombwa na maji, na watu wangesema ameuawa na heshima ya mkwe wake."

"Hakusombwa."

"Mara hii." Alikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. "Baba watoto, rudi Bujonde. Mwambie hivi, na usiongeze kitu cha vitabuni. Asipokuja, nitapanda mtumbwi mimi mwenyewe, nipande kichanjani kwake, nimpikie chai akiniona."

Nilimtazama kuhakikisha kama anatania. Sikuweza kujua. Nimeishi naye miaka mingi na bado katika jambo hilo sijui.

Ujumbe niliufikisha kama nilivyopewa. Baba aliusikiliza, akaomba niurudie. Halafu akaanza kukunja blanketi. "Huyo atakuja kweli," alimwambia yule Mkisi, "na nikimwona akipanda ngazi hii mimi ndiye nitakayeruka majini. Shika kuku."

Akahamia chumba cha nyuma, na hakuna aliyefungwa. Mke wangu alipotaka kupita upande wa migomba aliimba, mzee akafunga mlango. Mzee alipotaka kutoka alikohoa, mke wangu akaingia ndani. Kwa siku chache za kwanza nyumba ilijaa kuimba na kukohoa hata mgeni angedhani tuna kwaya yenye mafua. Chakula alipelekewa na binti yetu, na akimaliza kula baba alisema "Ndaga fijo," asante sana, akiuelekezea ukuta. Upande wa pili mke wangu aligonga ukingo wa sufuria kwa mwiko mara moja, basi. Ukuta niliujenga mimi, wa tofali moja, na nilikuwa nimeaibika kwamba ni mwembamba.

Dukani Kyela nilitaniwa masika yote. "Mwalimu," jirani yangu alisema nikiziba pancha yake bila malipo, kwa mujibu wa mkataba, "unatafsiri maneno ya Ulaya, ya nyumbani kwako yanakushinda?" Pakiti moja ilibaki. Mke wangu aliiweka darini karibu na usipa wake mkavu, ili, alisema, ijifunze.

Asubuhi moja mvua nyembamba ilikuwa inaendelea na hewa ilikuwa baridi. Nilikuwa ndani nakaza pedali. Nilisikia baba akimwita mjukuu wake mlangoni.

"Mwambie mama yako naomba maji ya kuoga." Akakohoa, ingawa hakuwa anatoka. Kisha akapaza sauti kidogo, upande wa ukuta. "Ya jikoni."

Nilisubiri mwiko ugonge sufuria, haukugonga. Badala yake nilisikia mke wangu akicheka, kwanza akijiziba na kitenge, kisha bila kujiziba, na mzee akisikia kicheko chake kwa mara ya kwanza tangu nimwoe.

Maji yalikuja kwenye ndoo yakifuka mvuke, na ilibidi mzee angoje kwanza yapoe.