Noti Niliyombandika Konor Usoni

Kosa hili ni langu, simsingizii mtu. Tangu mke wangu afariki, nyumba yangu hapa Ibra, Omani, haina sauti ila ya kiyoyozi. Watoto wako Maskati. Mgeni pekee anayebisha mlango ni Konor, mtu wa Ayalandi, msimamizi wa ujenzi wa barabara, mpweke kama mimi. Kila Ijumaa alasiri huja tukanywa kahawa.

Ijumaa iliyopita nilimwalika pia jirani yangu Nassor, mzaliwa wa Unguja kama mimi. Nikamwomba Konor atuimbie wimbo wa kwao. Akasimama, akafumba macho, akaimba kwa lugha ya wazee wake.

Sikufahamu hata neno, lakini nikajiona nimerudi kwenye taarabu za ujana wangu. Nikainuka kumtunza. Nikamzunguka nikijitikisa, nikambandika noti ya riali tano kwenye paji la uso, ikanasa kwa jasho. Hata kigelegele nikapiga, mimi mwanamume mwenye ndevu nyeupe!

Konor akaukatiza wimbo.

"Kaa chini, mzee," Nassor akaninong'oneza. "Huoni mtu analia?"

Konor akaibandua noti taratibu. Akanieleza kwa Kiingereza kwamba ule ni wimbo wa vibarua wa kwao waliokwenda ugenini kuchimba mahandaki wasirudi. Baba yake alikuwa mmoja wao.

"Maiti yake hatukuipata," akasema. "Huu wimbo ndio kaburi lake."

Mkono wangu wa kutunza ulikuwa bado juu; nikaushusha, nikaketi karibu naye.