Maji ya Tangi la Nikolao

"Mama Walter, hebu niambie, tangi lisilo na kitu linawezaje kumchoma mtu?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Fatu, mama yake Halfani, siku tulipokuwa tunatoka kumjulia hali Nikolao. Nilimwambia Mungu ndiye ajuaye, tukaendelea na njia. Lakini jibu nilikuwa nalo. Nikolao mwenyewe alikwisha kunieleza, na mengine niliyaona kwa macho yangu.

Nikolao ni mtoto wa marehemu Silvesta, aliyekuwa mpiga kengele wa kanisa letu hapa Newala. Udereva na ufundi aliupatia Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza. Karanga ziliposhindikana magari yakauzwa, na Bwanali mwenye duka akanunua pikapu moja kuukuu. Nikolao akaja nayo. Watu walimtania kwamba wameuzwa pamoja, yeye na gari, kwa bei ya gari, naye alikuwa akicheka kuliko wote.

Pikapu ile ina matangi mawili, moja chini ya kiti na la pili nyuma. Ndani ya kila tangi kuna kipimo: waya wenye boya dogo mwishoni. Petroli ikijaa boya hupanda, ikipungua hushuka, na mshale ulio mbele ya dereva huufuata mwendo huo. Vipimo vyote viwili vilikuwa vimekufa. Nikolao alipima mafuta kwa kuchovya kijiti, na bado gari lilimzimikia njia ya Masasi, mizigo ya watu ikalala porini. Bwanali alichoka. Akamwambia aitengeneze mishale ile kabla ya msimu wa korosho, la sivyo usukani atampa mwingine.

Usukani ule kwa Nikolao haukuwa mshahara tu. Sisi wa huku juu hatuna maji. Bomba tunaambiwa linakuja. Mwanamke anateremka bondeni alfajiri, anangoja zamu yake kisimani, anapanda na mtungi kichwani jua likiwa limeshawaka. Severina, mke wa Nikolao, alianguka kwenye mteremko ule na mimba ikatoka. Sasa alikuwa mjamzito tena. Nikolao alikuwa amepewa ruhusa, kila akirudi Masasi, kupakia madebe ya maji kutoka chini. Maadamu yeye ndiye dereva, Severina hashuki. Ukimwuliza gari linaendeleaje, alikuwa akikujibu habari za mkewe: amelala vizuri, miguu haijavimba.

Alipata vipimo viwili kwenye gari bovu huko Masasi. Cha kwanza kiliingia bila taabu. Alikata ngozi ya kiatu chake cha zamani, akaiweka chini ya kifuniko petroli isivuje, na mshale ulipopanda akaniita nije nione. Nikapiga kigelegele kidogo.

Tangi la nyuma ndilo lililokuwa na kazi. Kutu ilikuwa imekula kingo za tundu la kipimo, ikabidi alishushe, alilehemu kwa chuma cha moto. Nachingwea walimfundisha kwamba tangi la petroli halilehemiwi kabla ya kujazwa maji hadi karibu na mdomo, kwa sababu petroli ikiisha mvuke wake hubaki, na huo mvuke ndio unaolipuka. Lakini kule maji yalitoka bombani. Huku ilikuwa Oktoba, mvua bado. Nyumbani kwake mlikuwa na maji ya safari ya mwisho, ya kuwatosha yeye na Severina mpaka gari litoke tena.

Akabeba debe moja, akaanza kulimimina tangini. Mama Halfani alikuwa anapita, akamtupia utani wake wa kila siku. "Baba, unakinywesha chuma? Na wajukuu zangu wanywe nini?"

Waliokuwepo wakacheka. Nikolao naye akacheka, ila nilimwona akiligeukia debe la pili pale mlangoni, akaliacha. Maji yakishaingia kwenye tangi la petroli hayanyweki tena, hata mbuzi huyakataa. Kwetu, kuyamwaga maji safi ndani ya chuma ni sawa na kutupa ugali jalalani watu wakikutazama. Basi akalisukasuka tangi kwa debe lile moja, akayamwaga, akalianika juani. Baadaye alilinusa, akasema limekauka.

Nilikuwa namenya mihogo barazani niliposikia mlio kama wa mlango mkubwa uliobamizwa. Moto ulitoka tunduni mara moja tu, ukarudi. Ulimkuta ameinama, anaangalia kazi yake. Severina akatoka na lile debe la pili, akammwagia lote. Mimi nikaleta mtungi wangu, Mama Halfani akaleta wake. Siku ile nyumba zetu tatu zilibaki bila tone la kunywa.

Hospitali ya Ndanda walimhudumia kwa upendo, siwezi kusema vingine. Macho hayakurudi. Tangi lilimaliziwa na fundi mwingine, na mishale yote miwili sasa inafanya kazi. Pikapu ikipita, Nikolao huinua uso. Mwanzoni dereva mpya alikuwa akisimama, anashusha debe moja. Kisha akasahau. Si mtu mbaya.

Mtoto alizaliwa, wa kike, tukambatiza Anastasia. Severina anashuka naye mgongoni. Tena anashuka mara mbili, kwa sababu vidonda vya usoni mwa mumewe vimekataa kukauka na vinatakiwa kuoshwa asubuhi na jioni. Nikolao hulala akiusikiliza mlango, na hasemi na mtu mpaka asikie mtungi unatuliwa chini. Mama Halfani huja na kibuyu cha maji, anakiweka kizingitini, anaondoka bila kubisha hodi. Jibu la swali lake sijampa hadi leo.

Nimemwombea sana Nikolao. Nimefunga. Padri alikuja akampaka mafuta, naye alipokea kila kitu kwa adabu, kama mtu anayewaridhisha wageni. Homa haimwachi, na chakula anakirudisha.

Majuzi nilikwenda kumsomea zaburi. Aliposikia nimefunga kitabu, aliniuliza kama akifa ni wazee wa kanisa watakaomwosha. Nikamkatiza, nikamwambia asiseme hivyo. Akaniuliza tena swali lile lile. Nikamwambia ndiyo, ni wao.

Akasema, "Basi waambie wanioshe kwa kata moja tu ya maji, Mama Walter. Mengine wamwachie Severina mtungini, asishuke siku hiyo."