Do Hana Kwao

Kwa miaka kumi na moja Demetria Ndunguru alipiga jazi kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja ya ufukweni, Kinondoni, na kwa miaka yote hiyo piano halisi ilisimama karibu naye ikiwa imebeba chombo cha maua. Yeye alipiga kinanda cha umeme. Mgeni akimuuliza kwa nini haigusi ile piano nzuri hivyo, alijibu, "Mbovu hiyo, baba," akaendelea na wimbo. Na kweli ilikuwa mbovu. Nyuzi zilikuwa zimelegea, na mchwa walishaifanya ya kwao. Lakini tuseme ukweli, maana siku hizi hata mwenyewe anausema bila haya: ubovu wa ile piano ulimpa Demetria usingizi mnono. Ingekuwa nzima, angeumbuka mchana kweupe.

Siri yenyewe si ya kutisha. Demetria, mama aliyekuwa akiitwa mwalimu na nusu ya wanamuziki wa hoteli za mjini, alijua kupiga kwa ufunguo mmoja tu. Wimbo uwe wa mwimbaji mwenye sauti nzito au nyembamba, vidole vyake vilicheza palepale, kwenye vibao vyeupe. Vile vyeusi alivitumia kama pilipili, kidogo tu, kukoleza. Kazi ya kupandisha na kushusha wimbo aliiachia kitufe kimoja pembeni mwa kinanda. Unabonyeza mara mbili, sauti yote inapanda, vidole havina habari.

Alijifunzia misheni, huko Mbinga, kwa Sista Flaviana. Sista alifundisha kwa do, re, mi, na alikuwa akiwazungumzia kama watoto wa familia moja. "Do hana kwao," aliwaambia wasichana wake. "Ukimwambia akae hapa, anakaa. Ukimwambia ahamie kule, anahama, na ndugu zake wote wanamfuata." Kwa kuimba, jambo hilo lilikuwa rahisi. Sista anatoa do, juu au chini, na wasichana wanafuata kama wamezaliwa nayo. Kwenye kinanda ndipo mambo yalipoharibika. Do alikalishwa kwenye kibao kimoja cheupe na hakuhama tena, kwa sababu kitufe kilikuwepo na misa haisubiri mtu ajifunze. Sista mwenyewe alikibonyeza bila wasiwasi. Wapiga kinanda wengi wa makanisani hufanya hivyo mpaka leo, na hakuna anayewacheka, wala sababu ya kuwacheka haipo.

Demetria alipokuja Dar es Salaam alianza na kwaya, akapita kwenye bendi ya dansi, halafu akasikia jazi kwenye redio ya jirani yake, akapotea moja kwa moja. Alikaa na redio ile akisikiliza na kurudia, kusikiliza na kurudia, hadi jirani akamwachia. Sikio analo, hilo halina ubishi. Ila alichukua jazi yote ya dunia akaileta pale kwenye kibao chake kimoja cha misheni.

Aliwahi kuponea chupuchupu. Kwenye misa ya ndoa, katikati ya wimbo wa kutoa sadaka, umeme ukakatika, ukarudi kabla watu hawajageuza shingo. Kinanda kikawaka upya, na kama vinanda vingi vya aina ile, kikasahau kitufe kilikuwa kimebonyezwa wapi. Demetria akaendelea kupiga vilevile. Wimbo ukaporomoka. Soprano wakajikuta wanaimba kama waume zao, besi wakazama kabisa, wakabaki wanafungua midomo tu. Bibi harusi akageuka kuangalia kulikoni. "Umeme umeharibu kinanda," Demetria alisema baadaye, na watu wakampa pole. Alizipokea zote.

Tangu siku hiyo akaanza kutembea na kitambaa cha kufuma, cheupe, cha aina ile inayotandikwa juu ya makochi. Alikitandika pembeni mwa kinanda, juu ya kitufe, na kukibonyeza kwa chini chini. Wageni wa hoteli walikisifia. Mmoja alitaka kukinunua.

Basi hoteli ikaamua kukarabati ukumbi, na muziki wa mtu hai haukuwemo kwenye mipango mipya. Meneja alimwita Demetria akamshukuru sana, kisha, kwa kutaka kumfurahisha, akampa ile piano. Demetria alitabasamu, huku akijua ile piano haina kitufe. Ilipakiwa kwenye kigari cha mizigo, Kirikuu, ikafungwa kamba, ikavuka mji mpaka Keko, kwa Mwishehe.

Mwishehe ni fundi samani, Mzaramo wa hapohapo Temeke, anayetengeneza vitanda na makabati kando ya barabara. Jioni anapiga ngoma na dramu. Yeye na Demetria walikuwa wameshaunda kikundi, Randa Jazz, kilichopewa jina hilo kwa sababu mazoezi yao yanafanyika kwenye maranda ya mbao. Besi anapiga Brightson, kijana anayefundisha hesabu sekondari. Anayeimba ni Mwanaheri, ambaye sauti yake imekulia kwenye taarabu na shughuli za Temeke. Nyimbo ni za Demetria mwenyewe: mabembelezo aliyosikia kwa bibi yake kwenye mashamba ya kahawa, akayawekea jazi kwa juu na mdundo wa Kizaramo kwa chini. Baada ya miaka yote ya kupiga nyimbo za watu, alitaka albamu moja yenye jina lake.

Mwishehe aliivua piano ile mpaka mifupa. Mbao zilizoliwa akazitupa, akaweka mninga. Fundi wa nyuzi akaletwa kutoka Kigamboni, akakaa nayo akikaza na kusikiliza, akikaza na kusikiliza. Ilipokuwa tayari, Demetria aliketi, akagusa kibao kimoja, na sauti ikatoka nene, yenye mwili, ikatetemesha milango ya makabati yaliyokuwa yanasubiri wateja. Machozi yalimlengalenga. Akapiga wimbo mzima palepale kwenye vibao vyake vyeupe. Kisha Mwanaheri akasema, "Chini sana hapo kwangu, shoga. Nisogezee juu kidogo," na mkono wa kushoto wa Demetria ukaenda wenyewe pembeni, ukapapasa. Hapakuwa na kitu ila mninga uliopigwa msasa vizuri.

Alisingizia kichwa kinamuuma. Wenzake walipoondoka, Mwishehe akamuuliza.

"Unatafutaga nini hapo pembeni, dada?"

"Hamna."

"Hamna, na mkono unapapasa kama mtu kapoteza miwani?"

Demetria akamweleza yote, akiangalia chini. Mwishehe hakucheka. Alichomoa penseli sikioni, akainama kuchungulia ndani ya piano.

"Kwa hiyo ishu ni vibao visogee, nyuzi zibaki palepale?"

"Ndiyo."

"Basi kazi ndogo hiyo! Nakuwekea reli kwa chini, kama droo ya kabati. Ukitaka kupanda unavuta huku, ukitaka kushuka unasukuma kule. Mie nimeshatengeneza meza za kupanuka za ukoo mzima, itanishinda hii?"

Na isingemshinda. Alipima, akapima tena, akaanza kuchagua mbao. Demetria alirudi nyumbani mwepesi, akiimba njiani. Lakini alipokuwa anachambua mchele wa usiku, furaha ikaanza kumkauka. Alijiona ameketi mbele ya piano nzuri kuliko zote alizowahi kugusa, akivuta droo. Alikuwa amehama Mbinga akaja Kinondoni, akahama Kinondoni akaja Keko, amejifunza mitaa mipya na majirani wapya, mpaka mafumbo ya watu wa pwani akayajua. Mwili mzima ulikuwa umehama. Mikono peke yake ndiyo iliyobaki misheni kwa Sista Flaviana, na hilo lilimtia hasira, hasira juu yake mwenyewe.

Asubuhi alimkuta Mwishehe ndiyo kwanza anafungua karakana.

"Fundi, usiguse kitu," alisema. "Kama ni kusogea, nitasogea mie."

Mwishehe alinuna mpaka adhuhuri. Mbao ya reli alishaichagua, na ilikuwa nzuri.

Ukafuata msimu wa aibu. Kila alasiri Demetria aliketi katikati ya vitanda visivyopakwa vanishi akajifunza upya, mtu mzima na wajukuu wake. Alimtoa do kwenye kibao cha misheni, akamweka kwenye cheusi, na vidole vikapigana vikumbo kama watu wasiojuana. Wimbo alioutunga mwenyewe ulimshinda kuupiga. Mafundi wa jirani walimtania: "Mama, leo unapiga au unatafuta?" Naye aliwajibu, "Natafuta, na nikipata siwagawii!" Kuna siku alikwenda nyuma ya mbao akalia, akanawa uso, akarudi.

Ilibidi awaambie na wengine. Alianza na Brightson, akitegemea mshangao. Kijana akakuna kidevu.

"Mama, mie napiga besi. Lazima niangalie mikono yako. Sie wote tulikuwa tunakijua kile kitambaa."

"Wote? Na hamkusema?"

"Ungekuwa wewe, mama, ungesema?"

Demetria alitaka kukasirika, akashindwa. Miaka yote ile ya kuficha, na aliyefichwa alikuwa yeye peke yake! Alicheka mpaka akashika ubavu.

Walipanga kurekodi albamu Jumapili alasiri, palepale karakanani, mbele ya watu, wimbo mmoja baada ya mwingine bila kurudia. Brightson alimleta rafiki yake wa Boko mwenye mashine ya kurekodi inayotumia betri. Kufikia siku hiyo Demetria alikuwa ameweza funguo chache, zile zilizohitajika tu, kila wimbo na wake. Nje ya hapo alikuwa bado mgeni. Kama kitu kingekwenda kombo mbele ya watu, hapakuwa na kitufe wala droo, na aliyataka mwenyewe.

Watu walikaa juu ya vitanda vipya na viti visivyo na foronya. Demetria alikitandika kitambaa chake juu ya piano, kwa mapenzi tu. Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri, vizuri kuliko alivyoota. Wakafika kwenye bembelezo la bibi yake, ambalo Mwanaheri huimba kwa sauti ya chini, karibu kama anamnong'oneza mtoto. Ubeti wa kwanza haujaisha, umeme ukakatika.

Spika zikafa, besi ya Brightson ikafa, kipaza sauti kikafa. Piano na ngoma zikaendelea, maana hizo hazikuwa na habari na umeme. Mwanaheri aliendelea kuimba, lakini kwa chini vile, bila kipaza sauti, pikipiki za barabarani zilimmeza. Watu wa nyuma wakaanza kunyoosha shingo. Mwanaheri akasogea kwenye piano, akainama.

"Nipandishe, shoga. Nipandishe sana, nifike nyuma."

Mkono wa kushoto ukaenda pembeni. Ukakuta kitambaa, na chini ya kitambaa, mninga. Ufunguo aliokuwa anaombwa hakuwahi kuufanyia mazoezi. Mwishehe aliona, akapunguza, akabaki na mdundo mwembamba wa vidole kwenye ngozi ya ngoma, akimsubiri bila kumharakisha.

Demetria akaacha kuangalia vibao. Akamsikia Sista akitoa do, juu zaidi, kama asubuhi za kule, wasichana wakivuta pumzi. Akamwimba kwa mdomo kwanza, "Do," kwa sauti, watu wote wakisikia, halafu akaenda kumtafuta kwa kidole. Alimkosa mara moja, kukatoka sauti ya ajabu iliyomfanya mtu mmoja acheke. Mara ya pili akampata, kwenye kibao cheusi. Re alikuwa jirani. Mi akajitokeza. Wengine wakafuata, mmoja akijikwaa, mwingine akisimama wima, mpaka vidole vikaanza kutembea vyenyewe. Mwanaheri alifunga macho, akaachia sauti ile ya Temeke isiyohitaji kipaza, ikapita juu ya makabati, ikavuka barabara. Upande wa pili muuza mihogo alisimama na koleo mkononi. Demetria alikuwa analia na kupiga, na furaha aliyokuwa nayo hakuwahi kuipata hotelini hata siku moja.

Umeme ulirudi wimbo ukiwa haujafika mwisho. Besi ikanguruma, na Brightson, aliyewaacha kwenye ufunguo mwingine kabisa, akamwinamia haraka.

"Mama, tuko wapi? Ufunguo gani huu?"

"Sijui, mwanangu," Demetria alisema, akacheka huku kamasi zinamtoka, akagonga kibao kimoja cheusi. "Ila do yuko hapa."

Brightson akamsikiliza, akamtafuta kwenye nyuzi za besi, akampata. Kipaza sauti kilikuwa kimeshawaka, lakini Mwanaheri alikisukuma pembeni kwa kiwiko. Akamgeukia Demetria, akanyoosha dole gumba juu: panda tena.

Demetria akajifuta uso kwa kile kitambaa, akakitupa begani, akasogea.