Mrudishie Maneno Yake Kwanza

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilianza na kicheko nilichokisikia kabla sijaona mtu. Nilikuwa nyuma ya madarasa na jerikeni la maji, maana kiongozi wa klabu ya mjadala ndiye aliyewatafutia wasemaji maji ya kunywa, na kabla sijakunja kona ukumbi wote ulilipuka. Hakikuwa kile kicheko cha wanafunzi wawili watatu wa viti vya nyuma. Ilikuwa shule nzima, na mabati ya paa yaliitikia. Nilijiambia tu kwamba mtu wetu ameshinda.

Nilipofika mbele, wa kwanza kumwona alikuwa mwanamume aliyetoka ukumbini akiwa na kofia mkononi. Alikuwa Adeer Bare, baba yake Ubah, msemaji mwenzangu wa klabu. Sisi Wasomali tunamwita adeer kila mwanamume wa rika la baba zetu, lakini huyu alikuwa adeer wa kweli kwangu, kwa jinsi alivyonipa peremende dukani kwake tangu sijaanza shule. Nilimsalimu. Aliitikia salamu, kwa kuwa salamu lazima iitikiwe, ila hakuniuliza habari za mama, akaenda zake kuelekea barabarani kunakosimama malori.

Ndani, Ubah alikuwa amesimama mbele, mkono kiunoni, akingoja watu wamalize kucheka. Mada ilikuwa maisha ya mjini na maisha ya ufugaji, yapi bora, naye alikuwa upande wa mji. Mwalimu Wanza, mlezi wa klabu yetu, alikuwa akifuta macho kwa leso. Jioni hiyo alitutangaza mimi na Ubah kuwa ndio tutakaoiwakilisha shule kwenye mashindano ya klabu za mjadala huko Garissa.

Ngoja nikueleze maana ya jambo hilo, kwa sababu siku hizi mna klabu nyingi mpaka mnachagua. Mnayo ya mazingira, ya skauti, ya uigizaji, na timu ya voliboli ya wasichana yenye wavu wake. Sisi pale Modogashe tulikuwa na mpira mmoja, uliokuwa wa wavulana, na tulikuwa na klabu ya mjadala. Msichana aliyetaka kujua anaweza nini nje ya daftari alikuwa na mlango huo mmoja. Ubah aliuhitaji kuliko sisi wote. Darasani alikuwa wa katikati, hana wa kumsifu. Akisimama kuzungumza, hata walimu waliacha kusahihisha vitabu.

Kesho yake alikuja shuleni macho yamevimba. Baba yake amekataa. Haendi Garissa, na klabu pia aiache.

Mimi nilikuwa kiongozi wa klabu, na nilikuwa nimezoea kushinda. Baada ya sala ya alasiri nilikwenda dukani kwa Adeer Bare nikiwa nimejipanga kama ninayepanda jukwaani. Alikuwa akipima sukari.

"Adeer, nimekuja kwa habari ya Ubah."

"Najua. Kaa."

Sikukaa. Alianza kusema kwamba barabara ni mbaya, nami nikamwambia kwamba lori la shule ni zima na dereva ni mtu mzima. Alianza na la msichana kulala nje ya nyumba yake, nikamkata kabla hajafika mwisho: tutalala bweni la wasichana na Mwalimu Wanza yupo. Alisema mjadala hauulizwi kwenye mtihani. Nilimwonyesha kwamba alama za Ubah za Kiswahili zimepanda tangu ajiunge. Alitaja mambo ya duka, kwamba mkewe ana mtoto mchanga na Ubah ndiye msaidizi, na hilo pia nilikuwa nalo jibu, la binamu yake aliyekuwa hana kazi.

Adeer Bare alifunga ile pakiti ya sukari, akaiweka kando.

"Habiba, umeshinda."

Nilifurahi kama mjinga. "Kwa hiyo ataenda, adeer?"

"Nimesema umeshinda. Ubah haendi. Msalimie mama yako."

Nilifika nyumbani nimekasirika. Babu yangu, ambaye tulimwita awowe, alikuwa amekaa juu ya mkeka wake akilalamika kwamba chai haina sukari, ingawa ilikuwa nzito kama uji. Goti lilikuwa limemtoa porini akaja kuishi nasi mjini, na mji haukumpendeza. Alikuwa amekalia vikao vingi vya wazee huko upande wa Wajir, vya visima na vya damu, na kitu pekee alichokisifu Modogashe ni kwamba kila siku kuna watu wawili wanaogombana.

Nilimweleza yote. Nilimsimulia kila jibu langu.

"Huyo Bare alisema nini?" aliuliza.

"Nimekwambia, awowe. Nilimwambia lori ni zima, nikamwambia..."

"Hayo ni yako. Ya kwake ni yapi?"

Nilijaribu. Nilimpa la barabara na la mtihani. La kulala nje nililipata nusu, na la mtoto mchanga lilikuwa limeshanitoka kabisa. Awowe alinisikiliza, akaweka kikombe chini.

"Wewe ndiye kiongozi wa wasemaji wa shule?"

"Ndiyo."

"Basi shule yenu ina watu wazungumzao, haina asikiaye." Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayetaja upungufu wa chumvi. Kisha akanieleza utaratibu wao. Kwenye kikao, mtu akimaliza kusema, huruhusiwi kumjibu. Kwanza unasimama na kumrudishia maneno yake, yote, kwa mpangilio wake, mbele ya watu. Unamuuliza kama ndivyo. Akisema umeacha neno, unakaa chini na yeye anasema tena. Mpaka akiri kwamba ndivyo, huna ruhusa ya kufungua mdomo kwa ajili yako mwenyewe.

"Hiyo si itachukua siku nzima?"

"Inachukua. Ndiyo maana tulipigana kidogo." Akaniangalia. "Na wakati mwingine, mtu akirudishiwa maneno yake, huona mwenyewe kwamba lile kubwa hakulisema. Rudi kwa Bare. Usimjibu lolote."

Ilinichukua siku mbili kuyakumbuka maneno yake yote na kupata uso wa kurudi. Safari hii nilikaa. Adeer Bare aliniona akaguna.

"Umeleta majibu mengine?"

"Hapana, adeer. Nimekuja kukurudishia maneno yako."

Aliacha alichokuwa akifanya. Aliujua utaratibu huo vizuri, lakini nadhani hakutegemea kuusikia kwa msichana mwenye sare ya shule. Nilianza. Nilitaja barabara, nikataja kulala nje, mtihani, mtoto mchanga na duka. Niliyasema kama alivyoyasema, bila kuyapunguza uzito, na unajua, mwanangu, kila nililolisema niliona lina akili zaidi kuliko nilipokuwa nikilipiga chini. Nilimuuliza, "Ndivyo?"

"Umeacha moja."

"Sijaliacha, adeer. Hukuniambia."

Lori la ng'ombe lilipita kuelekea Isiolo na vumbi likaingia mpaka kwenye mizani. Halafu alisema, kwa Kiswahili chake, taratibu, "Nimeboteza kibande. Nifanye fibi?"

Sikuelewa. Ndipo aliponieleza kwa Kisomali. Mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza kitambulisho, kile ambacho wazee walikiita kipande, na wewe unajua mtu wa huku asiye na kitambulisho hapiti kizuizi cha polisi hata kimoja. Alikwenda ofisini Garissa, akamchukua Ubah amsaidie kuzungumza. Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika zamu yake, Ubah alikuwa ametoka kutafuta maji, ikabidi aseme mwenyewe. Alisema maneno hayo. Karani alicheka, na foleni ikacheka. Ubah alirudi akakuta watu wanamcheka baba yake, na njiani kurudi nyumbani hawakulizungumza.

"Siku ile ya shuleni," alisema, "nilifunga duka nikaja kumsikiliza mwanangu. Nilikuwa nimesimama nyuma. Alisema mfugaji akija mjini anaongea hivi. Akasema neno langu. Kwa sauti yangu."

Sasa nilielewa kile kicheko nilichokisikia nikiwa na jerikeni. Machozi aliyoyafuta Mwalimu Wanza yalikuwa ya neno hilo.

Nilikuwa na majibu, mwanangu. Yalikuja yenyewe: hakujua kwamba upo, ni mchezo tu, ndivyo mjadala ulivyo. Niliyameza. Nikamrudishia maneno yake. "Adeer, unasema ulipokuwa na shida uliomba msaada kwa lugha isiyo yako, ukachekwa. Na mtoto uliyemchukua akusaidie kusema, ndiye aliyewapa wengine sababu ya kukucheka tena. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Sina jibu."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nikaona meno yake. "Huna? Andikeni basi. Habiba hana jibu."

Pazia lililotenganisha duka na nyumba lilisogea. Ubah alikuwa nyuma yake muda wote, mtoto mchanga mgongoni. Alitoka akasimama kando ya magunia.

"Aabo, nilitaka wacheke tu."

"Walicheka," alisema baba yake.

Mteja aliingia kutaka majani ya chai, Ubah akampimia. Mteja alipotoka, Adeer Bare alizungumza nami ingawa alikuwa akimwambia yeye. Alisema Ubah anaweza kwenda Garissa, lakini asimame upande wa wafugaji.

"Adeer, mada ile ile ikija, upande huo ni mgumu. Kila mwaka unashindwa."

"Na ushindwe."

Mwalimu Wanza alipopata habari alituandikisha upande wa wafugaji. Na ndiyo, Garissa mada ilikuja ile ile, na tulishindwa. Ubah alizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, na waamuzi wakaupa ushindi mji. Hakujali. Sasa ana wajukuu huko Wajir, na bado anaongea haraka kuliko redio.

Nakuambia haya kwa sababu nimesikia manung'uniko yenu. Mnasema wazazi hawataki voliboli, hawataki klabu, hawaelewi. Nasaha yangu ni hii. Jiunge na klabu yako. Usiiache kwa sababu ya kukatazwa mara moja, maana kuna vitu ndani yako ambavyo hakuna mtihani utakaovigundua. Lakini mzazi anapokataa, usikimbilie kumshinda. Sikiliza sababu zake zote, umrudishie moja moja mpaka akiri kwamba umezipata. Huenda kubwa bado hajaitaja, na huenda inakuhusu wewe. Na ukipewa jukwaa, chekesha watu upendavyo, ila usimchukue aliyekuamini ukamfanya kichekesho chako. Allah akupe ulimi mwepesi na sikio lenye subira. Akufungulie njia, akurudishe nyumbani ukiwa na mtu wa kukupokea.

Nakumbuka pia asubuhi ya safari, baada ya sala ya alfajiri. Mimi na Mwalimu Wanza tulikwenda kumchukua Ubah kwenye mlango wa bati wa nyuma ya duka. Baba yake alimbebea begi mpaka kizingitini. Mwalimu hakujua Kisomali, na Ubah alifungua mdomo kutafsiri, lakini mzee aliinua mkono kumzuia.

"Mwalimu," alisema, "mtoto nimekuba wewe. Mlete salama."

Mwalimu alisema atamleta. Ubah alivuka kizingiti, akageuka.

"Aabo, umesema umemkabidhi mwalimu mtoto wako, na unataka arudi salama. Ndivyo?"

"Ndivyo," alisema Adeer Bare, akafunga mlango.