Saa Mia Tatu za Dalali

Udalali wa nyumba aliuacha miaka sita iliyopita, lakini jina lilikataa kumwacha. Hata kwenye kampuni ya uwekezaji, alikokuwa karani wa kupokea wateja, walimwita Dalali, naye aliitika bila kinyongo. Udalali ndio uliomlipia chuo cha jioni.

Jumanne meneja alitangaza kwamba dawati moja la uchambuzi litakuwa wazi, na litakwenda kwa karani atakayefaulu ngazi ya kwanza ya mtihani wa wachambuzi wa uwekezaji. Mtihani ulikuwa wiki ishirini mbele. Usajili ungefungwa Jumatatu, na ada ikishalipwa hairudi. Waliofaulu walisema mtu anahitaji saa mia tatu za kusoma. Dalali akazigawa hapohapo: kumi na tano kwa wiki. Yeye hakuwa na hata mbili.

"Basi nitazitafuta sokoni," akajiambia, na moyo ukamdunda kama zamani alipompata mpangaji mwenye haraka. Lile dawati alilitaka mno. Lakini hakuwa mtu wa kulipia kitu kabla hajakigeuza juu chini: saa zisipotimia, hajisajili.

Alianza na meneja. Akaomba saa nzima ya mchana kila siku ya kazi katika chumba cha mikutano, akijua atapewa nusu. Akapewa nusu, ambayo ndiyo aliyoitaka. Mumewe, fundi cherehani, alikubali kuwaandaa watoto kwenda shule ili mkewe asome saa moja na nusu kila alfajiri ya siku za shule. Dalali kwa upande wake atampigia pasi nguo za wateja Jumapili. Zikabaki saa tano za Jumamosi, na hizo zilikuwa mkononi mwa mama mkwe.

"Watoto watatu, saa tano?" mama mkwe akauliza. "Mwanangu, hiyo si bei, huo ni uporaji."

"Mama, si wajukuu zako hao?"

"Ndiyo maana nawajua."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe ikawa kila mwezi Dalali amsindikize kliniki ya macho yeye mwenyewe, asimtume mtu. "Na huko usinisemee kwa daktari. Mdomo ninao."

Jumamosi asubuhi ratiba ikabandikwa ukutani, imechorwa nyuma ya kalenda ya zamani. Takwimu, mahesabu ya makampuni, hisa, hatifungani: kila kitu na saa zake kila wiki. Maadili ya kazi aliyapa siku mbili za mwisho. Hajawahi kumwibia mtu, asome nini? Akachukua maswali ya majaribio aliyopewa na mchambuzi mmoja kazini ili ajipime. Kwenye mahesabu alipata zaidi ya nusu, akajipongeza kwa kupiga meza. Maadili: manne kati ya ishirini.

Akaamini kabisa kwamba majibu yamechapwa vibaya. Akaenda nayo jikoni, mama mkwe alikokuwa akimenya viazi.

"Hebu sikia, mama. Umesikia kwenye lifti kwamba kampuni fulani itanunuliwa wiki ijayo, na habari haijatangazwa. Mimi nimejibu nanunua hisa zake mapema. Eti kosa! Kuwahi habari si ndiyo kazi yenyewe?"

"Na huyo anayekuuzia, anajua?"

"Atajuaje?"

"Basi umemlalia. Usinunue, na usimwambie mtu. Lete lingine."

Jibu lililochapwa lilikuwa hilo hilo. Dalali akakaa chini.

"Kampuni unayoichunguza inakulipia hoteli nzuri, siku tatu. Nimesema nashukuru, kisha naandika ukweli."

"Nani atakuamini? Dalali aliyenipangisha ile nyumba inayovuja alikuwa ameshakula kwa mwenye nyumba. Jilipie."

Kati ya maswali kumi, mama mkwe alipata manane. Hakuwahi kununua hisa maishani, ila alikuwa amelaliwa bei na watu wa kila aina, na mtihani uliuliza kutoka upande wake. Dalali miaka yote alikaa upande wa pili wa meza. Akacheka mpaka akashika mbavu. Shimo ameliona leo, na wiki zote ishirini bado anazo!

Akarudi ukutani na kalamu. Takwimu zikapunjwa saa moja kila wiki, maadili yakapandishwa kuanzia wiki ya kwanza. Jumla ikabaki mia tatu.

"Mama, nakuhitaji kila Jumamosi, saa moja zaidi."

"Naona. Macho yanakutoka. Kwa hiyo bei imepanda."

"Sema."

"Viazi unamenya wewe. Mimi nauliza, wewe unajibu, ukikosea nakuumbua mbele ya mumeo."

"Nimekubali!" Hakuomba kupunguziwa hata kidogo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Akajisajili kwa simu palepale. Ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia alipiga kigelegele, mumewe akaja mbio na futi shingoni.

"Umefaulu?"

"Nimejisajili!"

"Makelele yote hayo?"

"Mwache," mama mkwe akasema, akimsukumia Dalali kisu. "Swali la kumi na moja."